Tatu Kagoma Tena

Hapa mjini Baraka, chuma kikikataa kusogea, dawa ni moja: leteni bomba. Bomba linavishwa juu ya mkono wa gia ili urefuke, vijana wawili wananing'inia, wa tatu anahesabu, na watoto wa shule wanasahau njia ya nyumbani. Nasema kwa uchungu kwa sababu mkono unaoteswa hivyo ni wa trekta la ushirika wetu, na mimi katika ushirika huo ni katibu, yaani yule anayeandika ripoti ya vilivyovunjika.

Trekta lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mtumba. Lilivuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya boti la mbao, limebanwa kati ya magodoro na magunia ya unga, likashuka huku limeandikwa Kijapani kila mahali. Penye picha ya sungura na kobe tulielewa bila mkalimani. Mikono mingine haikuwa na mnyama. Ndipo mzee mmoja wa kamati, ambaye utotoni aliwabebea wapiganaji mizigo huko milimani, akatoa shauri tufanye kama Wakuba wa mwaka 1965, waliokuja huku Fizi kuwasaidia waasi wakajipa majina kwa hesabu ya Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu. Tatu alikuwa Che Guevara mwenyewe. Basi mkono wa vitesi ukawa Moja, wa sungura na kobe ukawa Mbili, na kale kafupi ka krabo, kalikojificha chini kushoto karibu na kisigino cha shofere, kanakopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, kakawa Tatu. Hakuna aliyefikiri kwamba tunaupa mkono jina la mtu aliyetoka ng'ambo ya bahari kwa kazi moja tu ya kukataa amri.

Na kweli, Tatu akakataa. Shofere wetu ni kijana mwenye adabu, kasoro adabu kwa vyuma. Kila anaponiona anaanza vilevile: "Papa katibu, shikamoo, krabo imegoma."

Haikugoma. Imekabwa, na aliyeikaba ni yeye. Anatoka nyumbani krabo imeshaingizwa, anapita barabara ngumu ya katikati ya mji, anazunguka sokoni, ndipo anaelekea mashamba ya Mutambala. Ukimuuliza krabo ya nini kwenye barabara kavu, wakati wa kiangazi, hana jibu la kiufundi. Jibu liko barabarani: Land Cruiser za mashirika ya misaada zinapita na antena zake ndefu, na kila kijana anajua zile zina krabo. Gari la magurudumu mawili ya nguvu ni gari la kawaida. La manne ni mradi.

Sasa sikiliza kinachotendeka chini ya kiti chake. Magurudumu ya mbele ya trekta la namna hii yametengenezwa yakimbie zaidi kidogo kuliko ya nyuma, asilimia 1 hadi 5 hivi, ili yawe yanavuta badala ya kuburutwa. Ndani ya tope hakuna ugomvi, kwa sababu tairi linateleza kidogo na ile ziada inaishia hapo. Kwenye ardhi ngumu tairi haliwezi kuteleza. Ziada inakosa pa kwenda, inarudi ndani na kujisokota kwenye mashafti na meno ya gia. Hapo meno yanakandamizana kwa nguvu yote ya mashini. Ning'iniza ng'ombe kwenye mkono wa Tatu, hautoki. Na kwa kuwa sisi ni sisi, matairi yetu ya mbele ni makubwa kupita kipimo chake. Yaliletwa juu ya Fuso kutoka Uvira, yakatikiswa Makobola, yakatikiswa Mboko, na yalipofika hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyarudisha. Kwa hiyo mbio za mbele zimezidi, na kujisokota nako kumezidi.

Dawa yake haihitaji bomba wala maombi. Nyoosha usukani, weka vitesi vya nyuma, rudi polepole urefu wa mkono mmoja. Meno yanaachiana, na Tatu anatoka kwa vidole viwili. Nimewahi kumfanyia shofere haya mbele ya macho yake, akacheka kwa furaha, akasema papa katibu ana dawa ya kienyeji.

Lakini kurudi nyuma mwenyewe hataki. Siku krabo ilipobana katikati ya soko, mbele ya meza za ndagala, nilimwambia kwa upole, "Mwanangu, rudi nyuma kidogo."

"Nyuma, papa? Mbele ya watu wote hawa?"

Nikamwambia hao watu hawana habari na yeye, wanataka kupita. Akanitazama kama mtu anayemsikitikia mzee. Kwa akili yake shofere anayerudi nyuma ni shofere aliyekosea, na mama wa ndagala watalisema jambo hilo mpaka Lusenda. Afadhali avunje. Chuma kikivunjika watu husema chuma kilikuwa kibovu. Basi bomba likaletwa, likahesabiwa moja, mbili, na mimi nikafunga macho.

Nilifunga macho kwa sababu najua mkono ule umeshika nini. Fundi wetu, aliyejifunza kazi ukimbizini Lugufu, kule Kigoma, alinionyesha. Mkono unazungusha pini, pini inasukuma uma mdogo ndani ya tumbo la gia, na uma ndio unaosogeza pete yenye meno. Huo uma si mnene. Ukipinda kwa ajili ya bomba, ni kumwaga oili yote, kufungua tumbo zima, halafu kuanza kuulizia kipuri ambacho duka la karibu lenye uwezo wa kukitamka liko nchi nyingine.

Fundi huyo ana nidhamu, na ana maneno machache. Alilala chini ya trekta, akakwangua tope lililokauka, akachomoa ile pini na kuniwekea kiganjani. Ilikuwa nyekundu kwa kutu, na upande mmoja umelika. "Hii pia inachangia," alisema. Akaisugua kwa msasa hadi ikang'aa, akaomba girisi. Girisi haikuwepo. Akaenda kunawa mikono, na nyuma ya mgongo wake mtu mwenye nia njema akaleta mawese.

Mawese ni mafuta, sibishi, na sombe bila mawese ni majani. Ila mawese huganda. Saa sita mchana, jua likichoma, Tatu alikuwa laini, kila mtu akampongeza mwenye nia njema. Alfajiri iliyofuata mafuta yameshikamana, yamekamata vumbi, sisimizi wamepanga foleni toka ukutani hadi kwenye pini, na jogoo wa jirani amesimama juu ya bodi akiwala sisimizi. Na tulipolipandisha trekta Fizi, kule mlimani ambako asubuhi kuna baridi ya kweli, ilibidi tusubiri jua litoke ndipo tuweze kuingiza krabo. Tumekuwa watu wa kwanza, nadhani, wenye trekta linaloamka baada ya wenyewe kunywa chai.

Wakati huo wote mama mmoja, mwanachama wetu tangu ushirika uanze, anapita na jembe begani. Tukianza kubishana anaanza tuta la muhogo. Tukiafikiana kwamba bomba lifupishwe, tuta la pili limekwisha. Siku moja alipita karibu, hakusimama hata kidogo, akasema tu: "Katibu, jembe langu halina krabo." Nimeliandika hilo kwenye daftari la mikutano, chini ya Mengineyo.

Sasa kamati imeamua, kwa kura, kwamba inunuliwe girisi halisi, kopo moja. Nilidhani limekwisha. Mweka hazina wetu, ambaye aliwahi kuhudhuria semina ya usimamizi na akarudi na cheti, akasema manunuzi yote yanahitaji proforma tatu kutoka kwa wauzaji watatu, zenye mihuri. Baraka nzima nimepata wauzaji wawili wa girisi, na mmoja ni shemeji yake. Ya tatu inabidi itoke Uvira, na nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya kopo. Nikauliza nauli hiyo italipwaje.

Kwa proforma tatu, akasema, za wasafirishaji.