Tofali Mbichi

Mpwa wangu anajenga nyumba. Ana miaka 11, hana kiwanja wala shilingi, lakini kila jioni akishafungia ndama huketi mbele ya kompyuta yangu na kupandisha kuta.

Mchezo wenyewe ni Minecraft, ule wa dunia iliyokatwakatwa kama vipande vya sabuni. Wenye fedha huununua kwa dola 30 hivi. Hapa Endabash kiasi hicho kina majina mengine: mbegu, mbolea, nauli za kwenda Karatu. Tena Microsoft waliponunua kampuni ya Kiswidi iliyoutengeneza, mwaka 2014, walitoa dola bilioni 2.5, tukaona hawatakonda wakikosa zetu. Basi mtoto akaokota toleo la uchochoroni linalochezwa ndani ya kivinjari, bure. Bure hiyo nayo ina adha zake: ukibofya "Cheza" unatua kwenye kubeti, ukirudi unaambiwa simu yako ina virusi, na wewe umekaa mbele ya kompyuta.

Usiku wa kwanza mazombi walimuua. Kule mchana na usiku pamoja ni dakika 20 tu, kwa hiyo hata chai haijapoa giza limeshaingia tena. Baba yangu, aliyekuwa akiota moto, akachungulia.

"Mbona anajenga juu? Achimbe!"

Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao kwenye mteremko, paa la udongo likalingana na ardhi, wezi wa ng'ombe wapite bila kuziona. Mtoto akachimba. Mazombi wakapita juu. Tangu siku hiyo Babu akawa msimamizi wa mradi: akadai sehemu ya ng'ombe ndani, akakosoa mlango, akaagiza ukuta ubomolewe mara mbili. Wiki tatu! Mimi niliyefyatua tofali 800 za kweli pale uani, nikisubiri kuni za kuchomea, hakuna aliyeniuliza hata habari za tanuru.

Kisha kompyuta ikawa nzito. Nikajifanya fundi: nikaingia kwenye kivinjari, nikafuta historia na kila kilichofutika. Ikapumua. Kumbe toleo lile halina akaunti wala ghala jingine. Nyumba, ng'ombe na ule mlango uliokosolewa vilikuwa vimelala humohumo.

Mtoto hakulia. Bora angelia. Aliona nyasi tupu kwenye kioo, akageuka taratibu.

"Mjomba, umegusa nini?"

Usiku huohuo mvua ikashuka ambayo hakuna aliyeitarajia. Asubuhi nikakuta tofali zangu zimekuwa uji, na Babu amesimama kando akilichoma tope kwa ncha ya fimbo. Alinitazama, akamtazama mjukuu wake aliyenuna mlangoni.

"Na zile zako," akamuuliza, "nazo mlikuwa hamjazichoma?"

"Hatukuzichoma, Babu."

"Haya. Leteni majembe."