Shangazi Anajibu: Teksi za Sikukuu

Desemba ikifika, kamanda wa polisi husimama mbele ya vipaza sauti na kutusomea yaleyale: tusiache nyumba bila mtu, disko toto ni marufuku, tusichome matairi barabarani, na tuwe makini na vyombo vya usafiri tunavyopanda. Hayo ya mwanzo yanaeleweka. Hilo la mwisho ndilo linalonijazia barua, kwa sababu hakuna anayesema umakini wenyewe unafanywaje saa nane usiku, muziki bado unalia masikioni. Nimechambua barua chache. Wale walioniandikia kuhusu madeni ya vikoba wasubiri Januari, watakuwa wengi.

*Shangazi, shikamoo. Mkesha wa Mwaka Mpya tunakwenda ukumbini Sinza. Tangazo linasema kabla ya kupanda teksi nihakiki namba ya gari, aina, rangi, jina na sura ya dereva. Mwaka jana nilijaribu. Programu ya teksi mtandao iliniambia nitafute Toyota IST ya rangi ya fedha. Nilipotoka nje zilikuwepo IST za rangi ya fedha tangu getini hadi kona. Nifanyeje?* — Viatu Mkononi, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Kutafuta IST ya rangi ya fedha Dar ni sawa na kutafuta mtu aliyevaa kanga Kariakoo. Rangi iache, aina iache. Shika herufi tatu za mwisho za namba ya gari, basi. Hizo hata ukiwa umekunywa utazikumbuka, zisome kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

La pili, usimuulize dereva, "Wewe ndiye Juma?" Saa nane usiku abiria akionekana, mji mzima ni Juma. Muulize, "Umekuja kumchukua nani?" Akikutaja jina, panda. Akikwambia "Wewe hapo, dada, ingia tuondoke," rudi ndani ukae karibu na mlinzi. Na gari liitwe ukiwa bado ndani. Watu wanapenda kutoka nje kwanza, wakasimama barabarani simu inawaka usoni, halafu wanashangaa imekwenda na nani.

Sura ndiyo ngumu. Desemba mwenye akaunti yuko Moshi anakula ndafu, na gari lazima limletee tajiri mwenye gari hesabu yake kila siku, sikukuu au si sikukuu. Kwa hiyo usukani kapewa deiwaka, dereva wa muda. Atakwambia akaunti ni ya kaka yake, na yawezekana ni kweli kabisa. Usipande. Siyo kwamba kila deiwaka ni mwizi. Wengi wao ni vijana wanaohangaika kuliko hata hao wenye magari. Tatizo ni kwamba likitokea la kutokea, polisi watamtafuta mtu ambaye usiku huo alikuwa huko Kibosho, Moshi, na mashahidi ishirini.

Na hapa niseme kidogo, mhariri anisamehe. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ina ofisi, ina kompyuta, ina mchana kutwa wa kumkagua dereva. Wewe una simu yenye chaji asilimia nne na kisigino kinachouma. Kwa nini ukaguzi wote umeangukia kwako?

*Shangazi, dereva akishakubali safari ananipigia: "Unaenda wapi? Unalipa cash? Basi futa safari, tutaelewana." Na sikukuu bei imepanda mara mbili, yeye ananipunguzia. Kuna ubaya?* — Mpenda Punguzo, Mbagala

Mwanangu, nami napenda punguzo, hilo halina mjadala. Dereva anakwepa kamisheni inayokatwa na programu, na kisa hicho kina historia yake. Mwaka 2022 LATRA iliishusha kamisheni ya teksi mtandao hadi asilimia 15, Uber wakasimamisha huduma nchini. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi asilimia 25, wakarejea. Madereva walishangilia mara ya kwanza, wakanuna mara ya pili. Kwa hiyo nikimsikia ananong'ona "futa safari", simwoni mhalifu, namwona mtu anayepiga hesabu.

Lakini jiulize umefuta nini. Umefuta namba ya gari, jina lake, njia mliyopita na kile kitufe cha dharura. Sasa umo ndani ya gari la mtu usiyemjua, na hakuna kompyuta duniani inayojua uko humo. Punguzo lenyewe ni la chipsi mayai. Mwambie hapana. Akikasirika na kufuta mwenyewe, usiku wako umekuwa mrefu kwa dakika kumi. Ukiona bei imepanda kupita kiasi, rudi ukacheze nyimbo mbili, ikishuka uite.

*Shangazi, mimi ni mume wa mtu. Mke wangu alisoma kwamba abiria amshirikishe mtu anayemwamini safari yake, akanilazimisha nimtumie kiungo kila nikipanda teksi. Juzi nilisema nina kikao Ubungo. Ramani ikamwonyesha navuka Daraja la Nyerere, mbali na Ubungo. Nimwambie programu ilikosea?* — Mzee wa Vikao

Programu haikosei hadi ikalipa tozo ya daraja. Ushauri wa polisi ulikuwa wa kukulinda na majambazi. Kumbe umekufikisha pazuri zaidi. Endelea kutuma kiungo, baba, na vikao hamishia sebuleni kwako.

*Shangazi, mama mkwe anakuja Krismasi kutoka Mwanza. Basi litafika Mbezi saa tisa usiku, nami gari langu liko gereji. Mwaka juzi alitii tangazo mpaka akamtoa dereva jasho: alitaka leseni, bima, akazunguka kukagua matairi, akauliza anasali wapi. Dereva akaondoka. Nimfundishe vipi kuwa makini kiasi?* — Mkwe Mwenye Hofu

Kwanza umshukuru huyo mama. Tungekuwa naye mmoja kila kituo, ajali zingepungua.

Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, saa tisa usiku imekuwa saa ya kawaida ya kushuka Mbezi. Mtu ametoka usingizini, mguu umekufa ganzi, begi liko butini, na wapiga debe wanne wameshalishika kabla hajajua kama amefika Dar au Morogoro. Mmoja atasema, "Mama, teksi hii hapa, ya serikali kabisa." Serikali haina teksi. Ataongozwa hadi nje ya kituo, gizani, kwenye teksi bubu yenye namba za njano, yaani gari la mtu binafsi lisilo na kibali cha kubeba abiria. Gari la biashara lina namba nyeupe. Hicho kimoja mama ataweza kukitazama bila kuuliza dini ya mtu.

Na kuna mtindo ambao polisi wanaujua na mgeni haujui. Teksi inasimama njiani, "rafiki" wa dereva anaingia, wa pili anaingia upande wa pili, nawe uko katikati. Kinachofuata ni safari ya kwenye mashine ya benki, kisha namba ya siri ya simu yako. Kwa hiyo sharti ni moja: akiingia mtu mwingine, mama ashuke papo hapo, begi likibaki libaki. Mwambie kabisa kuhusu begi, kwa sababu namjua mama wa Kisukuma mwenye samaki wakavu ndani ya begi. Hashuki.

La maana zaidi: asitoke kituoni. Stendi ya Magufuli hapo Mbezi ina taa, ina mageti, ina watu. Akae humo anywe chai mpaka kuche, au wewe mkwe panda bajaji ya jirani unayemjua ukampokee. Kama hujamwona jirani huyo, mtafute leo. Dereva wa kijiwe cha mtaani kwenu, ambaye mke wake mnakutana kwenye vikoba, ana dhamana ambayo hakuna programu inayo. Anajua ukimlalamikia utaanzia kwa mama yake.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva teksi. Matangazo yote yanawaambia abiria wakae siti ya nyuma. Usiku wanakuja wawili, mmoja anakaa nyuma ya kichwa changu, wanasema Chanika, mwisho wa lami. Nani ananishauri mimi?* — Dereva wa Mwenge

Marahaba, mwanangu. Hakuna. Nimeyasikiliza matangazo hayo miaka na miaka, dereva huwa ni mtu wa kuogopwa tu. Wakati wanaonyang'anywa magari vichakani, wakafungwa kamba na kutupwa, ni nyinyi.

Kijiwe chenu kina mwenyekiti. Kiwe na daftari. Safari yoyote baada ya saa sita usiku iandikwe: namba ya gari, unakokwenda, abiria wangapi, na iandikwe mbele yao. Mwenye nia mbaya akiona anaandikwa atakumbuka kwamba alisahau simu ndani. Washa taa ya ndani wanapopanda. Wakibadilisha mwisho wa safari njiani, simama penye watu, kituo cha mafuta ni pazuri, uwaambie injini inachemka. Mafuta usijaze tangi sikukuu, jaza ya kukutosha. Namba ya polisi ni 112, hailipiwi. Na hesabu ya tajiri isikupeleke Chanika. Mwambie hivyo kwa jina langu, akibisha aniandikie.

*Shangazi, nasoma London. Wenyeji wameniambia Krismasi hakuna basi wala treni. Wananidanganya ili nisiende kwao?* — Mtoto wa Tanga

Hawakudanganyi. Tarehe 25 Desemba usafiri wa umma wa jiji hulala, na wewe lala mapema au panga safari. Ile teksi nyeusi yenye taa juu unaweza kuisimamisha kwa mkono. Gari jingine lolote la kukodi ni lazima uliwekee nafasi kwanza kupitia kampuni yenye leseni. Linalokusogelea kando ya njia na kukuita "boss" halina ruhusa ya kukubeba, na bima yake huenda isikuhusu. Teksi nyeusi huongeza pauni 4 za sikukuu, zimeandikwa kwenye viwango vyao rasmi. Kwetu ongezeko la sikukuu linasomwa usoni pa dereva.

*Shangazi, nimenunua beberu mnadani Pugu. Madereva wanne wa teksi mtandao wamefuta safari baada ya kumsikia analia. Nimesema ni mtoto, hawakuamini.* — Mwenye Mbuzi

Ningeshangaa wangeamini. Achana na IST, tafuta kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Hakuna tangazo la polisi linalokuhusu wewe na huyo beberu, ila nauli mpatane kabla hajapakiwa. Akishafungwa kamba juu ya gari la mtu, na wewe umeshika pembe, bei anataja dereva peke yake.