Fremu Mbele, Kitanda Nyuma

Kodi ya ongezeko la mtaji hutozwa nyumba inapouzwa kwa faida. Mkazi wa Tanzania mwenye kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 10 ya faida hiyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 husamehe makazi binafsi yaliyomilikiwa na kukaliwa miaka 3 au zaidi, mradi faida isizidi shilingi milioni 15. Hapo ndipo nyumba ya Nanyala, wilayani Mbozi, hubadili tabia. Miaka yote fremu za mbele hunadiwa kwa wapangaji kuwa ni biashara motomoto. Siku ya kuuza, saluni huwa sebule na duka chumba cha wageni. Bei nayo huwa na ndimi mbili: nene kwa mnunuzi, nyembamba kwenye mkataba. Muuzaji na atunze risiti za saruji: gharama yenye ushahidi hupunguza faida inayotozwa, saluni iliyogeuzwa sebule haina risiti.