Kukausha Mwili Mji wa Kale: Mwongozo kwa Asiyejua Linalomngoja

Umepiga chuma msimu mzima, umekula sahani za watu wawili, kifua kimejaa na tumbo nalo halikubaki nyuma. Sasa wataka mafuta yatoke, misuli isiguswe. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Punguza kalori kama 500 kwa siku, kula protini gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya uzani wako, na usiache vyuma vizito, maana mwili hauoni sababu ya kulisha msuli usiofanya kazi. Mwenye kilo 80 asishuke chini ya gramu 130 hivi za protini. Ila aliyetunga hesabu hii hakukaa Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa.

Mtego wa asubuhi ni mahamri na mbaazi. Utajiambia mbaazi ni protini, na ni kweli, lakini zimeiva ndani ya tui zito, na hamri limeogelea karaini mpaka likafura. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120 hivi, na mama wa mahamri hapimi kwa kijiko. Usimwombe la kuchoma. Atakutazama, kisha atamtazama mteja wa nyuma yako.

Wiki ya kwanza mizani itashuka kilo mbili nawe utatembea Ndia Kuu ukiwa na mabega mapana. Tulia. Wanga uliowekwa misulini hushika maji, gramu moja kwa gramu 3 hivi, na kilichotoka zaidi ni hayo maji. Wala usizunguke Fort Jesus saa saba mchana umevaa jaketi la nailoni, ukidhani jasho ni mafuta. Ukitaka kukonda kwa pupa, ngome hiyo ina historia yake: Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698, na waliokuwa ndani walikonda sana, wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Misuli haikubaki. Nusu kilo kwa wiki yatosha.

Lakini adui hasa si karai, ni mapenzi. Ukipungua kidogo usoni, Khalati atakushika kidevu mlangoni: “Mbona wakonda, mwanangu? Kwani wauguwa?” Usimtajie kalori. Ukimwambia umekusudia, ataamini umerogwa, na sahani itaongezwa. Mwambie daktari amekukataza mafuta. Jina la daktari lina heshima ambayo jina la kocha wako wa jimu halina. Hata hivyo utafungiwa sambusa uende nazo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba dawa ipo hatua chache tu. Soko la samaki liko karibu na Bandari ya Kale, na gramu 100 za jodari zina protini zaidi ya gramu 20 na mafuta kidogo. Mchome kwa ndimu na pilipili. Wa kupaka mwache kwa Ijumaa, maana hapo samaki ni kisingizio tu cha kunywa tui. Jioni chukua mishikaki, na muuzaji akikuwekea viazi karai bila kuulizwa, mpe mwenzako. Supu ya pweza nayo ni nzuri mno, haina mafuta ya kutisha, ila ukimwambia muuzaji waitakia misuli, atakuuliza upi, na barza nzima itacheka. Kahawa chungu kunywa utakavyo. Halwa iliyo kando yake ndiyo yenye bei. Lighthouse nenda kwa dafu na upepo, na upande wa mihogo ya kukaanga upite haraka.

Harusi haikwepeki. Mtakaa watu kadhaa kwenye kombe moja la biriani, na kula kidogo mbele ya wenzako ni utovu wa adabu. Kwa hivyo chagua pa kukaa. Tafuta mzee aliyebakiwa na meno machache. Kwa ukarimu, na kwa sababu hawezi kuitafuna, atakukatia nyama na kukusukumia mbele yako, kipande baada ya kipande. Wewe msukumie viazi na wali, useme, “Karibu, mzee wangu.” Atakuombea dua, na meza nzima itakusifu kwa malezi mema.