Namna ya Kuua Land Cruiser kwa Sevisi

Kuua Land Cruiser kwa ajali kila mtu anaweza. Kuizamisha mtoni nako hakuhitaji elimu, kunahitaji masika tu. Kazi ya mtu mwenye subira ni kuiua gereji, mchana kweupe, kwa fedha yake mwenyewe, na kupewa risiti. Mwongozo huu ni wa wenye magari ya dizeli ya porini, hasa nyie wa Arusha mnaopeleka wageni Ngorongoro na Serengeti, mliochoka kuona injini ya 1HZ ikizeeka bila kufunguliwa.

Si kazi ndogo. 1HZ ilitoka mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, haina tabo, na pampu yake ya nozeli haingoji amri ya kompyuta. Imezoea dhuluma. Lakini bado haijatengenezwa injini ya kumshinda mwenye gari aliyeamua.

Tuanze dukani. Muuzaji atakuuliza, "Oili ya gari gani, bosi?" Mjibu, "Nipe nzuri." Usitaje aina ya injini, usitaje namba yoyote. Atakushushia dumu lenye picha ya gari la mashindano, nawe lichukue kwa sababu ya picha. Ila usiligeuze. Nyuma ya dumu kuna maandishi madogo yanayoweza kuvuruga mpango mzima. Huko utakuta herufi za Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, na utaratibu wake hauchoshi: zinazoanza na S ni za injini za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. SL, SM, SN, petroli. CF-4, CH-4, CI-4, CK-4, dizeli. Madumu mengine yana zote mbili, kwa mfano CI-4/SL, na hapo herufi zilizotangulia ndizo zinazotaja kazi yake kuu.

Sababu ya kuzitenga ni uchafu. Dizeli ikiungua hutoa masizi mengi, na salfa yake huzaa tindikali. Oili ya kundi C hutiwa kemikali za kuyafanya masizi yaelee bila kugandamana, pamoja na akiba ya alkali ya kuimaliza tindikali. Ukiweka ya S peke yake, masizi yatatuama yatakakopenda. Kwa 1HZ, 15W-40 yenye CI-4 inatosha kabisa, na haina shida kupatikana. Ndiyo maana hutaichukua.

Mwenye tamaa ya makubwa apite upande wa pili: atafute herufi za karibuni kwa imani kwamba kipya ndicho bora. FA-4 ilitoka Desemba 2016 pamoja na CK-4, ila ilibuniwa kwa malori mapya ya Marekani yanayotaka oili nyepesi ili kubana matumizi ya mafuta. Injini ya zamani haikualikwa. Na kama gari lako ni jipya, lenye chujio la masizi kwenye ekzosi, lipe oili ya kizamani yenye majivu mengi. Masizi, chujio hilo huyachoma. Majivu hayaungui, hubaki humo mpaka lizibe.

Suala la uzito mwachie yeyote aliyesimama karibu. Atakwambia gari kuukuu linataka oili nzito, na hizo 15W ni za Wazungu kwenye theluji. Namba iliyo mbele ya W kweli inahusu baridi, na oili ya 15W hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro mwezi Julai unauma mifupa, lakini haujafika huko. Ile 40 ya nyuma ni uzito wa oili ikishapata moto wa nyuzi 100, uwe Arusha au Oslo. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, na huo muda mfupi baada ya kuwasha ndio unaokula beringi. Moshi wa buluu utapungua, hilo kweli. Wauza magari wanalijua: oili nzito na kopo la dawa ya kuinenesha, siku moja kabla mnunuzi hajaja.

Ukishamwaga oili, subiri siku mbili, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Imekuwa nyeusi! Rudi gereji ukapige kelele kwamba umeuziwa feki. Oili ya dizeli inayofanya kazi huwa nyeusi mapema, kwa kuwa kazi yenyewe ni kubeba masizi. Cha kutisha ni kijiti kikionyesha oili imeongezeka. Wewe hapo mshukuru Mungu kwa kukupunguzia gharama. Mwenzako angeinusa, akagundua dizeli inavujia kwenye sampu.

Feki ya kweli haitambuliki kwa rangi. Huuzwa ndani ya dumu halali, lililonunuliwa likiwa tupu kwenye gereji kama hiyo unayokwenda, likajazwa oili chafu iliyochujwa na kufungwa tena. Kwa hiyo nawe changia: sevisi ikiisha, acha madumu yako hapo hapo pamoja na vifuniko vyake. Wapo wabishi wanaoyatoboa kwa bisibisi kabla ya kuondoka. 1HZ inakunywa zaidi ya lita 9 pamoja na filta, hivyo ukiambiwa ununue madumu matatu ya lita tano, usiulize la tatu limeishia wapi.

Sasa filta ya oili. Chukua ya bei ya chini kabisa, si zote ni makopo? Tofauti iko ndani: karatasi iliyokunjwa, valvu ya kuzuia oili isirudi sampu injini ikizimwa, na valvu ya dharura inayofunguka karatasi ikiziba, ili injini ipate oili chafu badala ya kukosa kabisa. Springi ya valvu hiyo ikiwa legelege, oili itapita pembeni siku zote bila kuchujwa, na hakuna taa itakayowaka kukuarifu. Fundi makini huikata filta kuukuu, akaikunjua karatasi kutafuta chembe za metali. Mwambie anakuchelewesha.

Wakati wa kufunga kuna nafasi nyingine nzuri. Filta kuukuu ikitoka, raba yake mara nyingine hubaki imeng'ang'ania kwenye injini. Usiangalie. Funga mpya juu yake, raba mbili, washa gari, shika njia. Presha ikipanda raba zinafyatuka, na lita zote zinabaki kwenye lami ya kwenda Makuyuni. Anayependa njia ya polepole akaze filta kwa mnyororo na nguvu zote za kijana wa gereji. Filta ya namna hii hukazwa kwa mkono, raba ikiwa imepakwa oili mpya, robo tatu ya mzunguko baada ya raba kugusa.

Wenye Land Rover ya Td5 mmependelewa. Injini yenu ina vifaa viwili vya kusafisha oili: filta ya kawaida, na nyingine inayozunguka kwa kasi kubwa na kubandika masizi kwenye kuta zake. Fundi asiyeijua Td5 hubadilisha ile anayoiona. Msimkumbushe.

Prado na Hilux zenye 1KD ya lita 3 zina mlango wao, ambao hata oili bora haiwezi kuufunga. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Ikianza kuvuja, gesi ya moto huingia chini ya kifuniko cha valvu na kuipika oili mpaka iwe makaa. Vipande hushuka sampu na kuziba chujio la kunyonyea. Oili ipo, imefika alama, na injini inakufa kwa kiu. Taa nyekundu itawaka. Tafuta fundi umeme wa kukwambia ni sensa tu.

Filta ya dizeli haina maneno mengi. Ina valvu chini ya kumwagia maji, usiiguse. Nunua dizeli kwenye mapipa ya njiani, isiwe ya kituo. Mafuta ya taa yaliyochakachuliwa ndani yake hayalainishi pampu, na pampu ya nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, haina kingine. Serikali zimejaribu kukuingilia: Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili uchakachuaji usilipe. Mwenye nia hawezi kuzuiwa na kodi.

Nimebakiza hewa, na hapa sitanii sana. Oili hubishaniwa baa hadi usiku, lakini gari la porini huuawa na vumbi, nalo huingia kwa kuvutwa. Injini ya lita 4.2 kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika humeza lita 3,500 hivi za hewa kila dakika. Pita lango la Lodoare mwezi wa tisa, nyuma ya magari mengine ishirini, hadi Naabi, halafu ufikirie hiyo hewa ina nini. Vumbi lile likishachanganyika na oili ni msasa: linakwangua ringi na silinda, gari linaanza kula oili, na mwenye gari analaumu oili.

Njia zetu za kuliingiza ni nyingi. Filta igongwe kwenye tairi mpaka kingo zake zipinde. Ipulizwe na kompresa kwa presha yote, ili karatasi itoboke vitundu usivyoviona mpaka uimulike kwa taa. Ile raba ndogo ya kudondoshea vumbi chini ya nyumba ya filta ing'olewe, kwani inasumbua. Snorkeli mnayoitambia kwa wageni iunganishwe kwa klampu iliyolegea, hewa iingilie pale pale bawaba za boneti zilipo. Na isipokaa sawasawa, filta inaweza kuwa orijino, mpya kabisa, na vumbi likapita pembeni yake likicheka.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, madereva na mabosi wenu. Kabla ya safari ijayo, fungueni bomba linalotoka kwenye nyumba ya filta kwenda injini, upande ule ambao hewa imeshachujwa, mpitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, gari lisitoke getini.