Usilisifie Gari la Mzee

Mtu akikuambia upite kwake Jumamosi "uone gari langu la zamani", usidhani umealikwa kuona gari. Gari utaliona kwa dakika mbili. Muda uliobaki utakuwa umeshika tochi.

Mwongozo huu ni kwa wasiojua: shemeji mpya katika ukoo, jirani aliyehamia juzi, kijana wa ofisini aliyezoea gari la kuwashwa kwa kitufe. Hao ndio wanaopotea. Wanaingia uani, wanaona turubai linavuliwa, chini yake kuna Peugeot 404, nao kwa adabu tu wanatamka, "Aisee mzee, gari zuri hili." Basi. Ukilisifia umeajiriwa, na ajira yenyewe haina mshahara wala likizo. Mzee atakutazama kwa huruma ya mtu aliyempata mwenzake, atafungua boneti, na sentensi itakayofuata ni: "Hebu shika hapa kidogo." Hicho "kidogo" kitaisha magharibi.

Lakini kunyamaza nako kuna adabu yake, kwa sababu yapo maswali yasiyoulizwa. Usiulize linakula mafuta kiasi gani. Usiulize kama linauzwa; ni sawa na kumuuliza mtu bei ya babu yake. Usimshauri anunue IST apumzike, maana hataki kupumzika. Na kwa namna yoyote ile usitamke "skrepa". Wapenzi wa magari haya wanaelewana na kila mtu duniani, hata na mke aliyepigwa chenga kwenye bajeti ya sikukuu, isipokuwa yule kijana mwenye mkokoteni na mizani anayepita mtaani akiita vyuma chakavu na betri mbovu. Yeye akisikika kwa mbali, turubai hurudishwa upesi.

Baada ya hapo jifunze umefika kwa kabila gani, kwa sababu si wamoja.

Wa Pijo ni watu wa subira. Ukikaa kwenye 404 utatafuta gia pale ulipozoea usiione; iko kwenye usukani. Ukichungulia ndani ya boneti utaona injini imelalia upande mmoja. Usiseme imekaa vibaya. Kiwanda kiliilaza hivyo makusudi, nyuzi 45, na utaelezwa sababu yake ukitaka usitake. Mbele kuna tundu la hendeli, na hendeli yenyewe ipo nyuma ya kiti, imefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Siku ya joto gari litazima mlimani bila kosa lolote la kuonekana. Hapo mzee hashtuki. Anashuka, analowesha kitambaa, anakifunika juu ya pampu ya mafuta, anasubiri. Petroli imechemka na kugeuka mvuke ndani ya pampu, na mvuke hausukumiki. Ikipoa itashuka tena kuwa petroli na gari litawaka. Mgeni mjinga atapendekeza kupiga simu kwa fundi. Mgeni aliyesoma mwongozo huu atauliza tu, "Nilete maji mengine?" Angalia lakini: ukiuliza hivyo mara mbili, utapewa kitambaa chako.

Wa Volkswagen ya injini nyuma ni wachangamfu zaidi na kwa hiyo ni hatari zaidi. Kwao kuna jambo moja ambalo si mzaha. Betri ya gari lile iko chini ya kiti cha nyuma. Kiti kina springi za chuma, betri ina vichwa viwili vya chuma, na kati yao panatakiwa kifuniko ambacho katika magari mengi kilipotea zamani. Mtu mwenye mwili wake akikaa kwa kishindo, springi hugusa vichwa, na moshi huanza kutoka mahali pasipotarajiwa. Kabla hujakaa nyuma, uliza habari za kifuniko. Mwenye gari atafurahi sana kwamba unajua, na hapo ndipo utakapokuwa umejiponza, maana atakuhesabu kuwa mwenzake.

Wa Land Rover utawajua kwa mikono. Watakuwekea sumaku kwenye bodi ili uone haigandi: ni aluminiamu, kwa kuwa mwaka 1948 gari lile lilipoanza, chuma Uingereza kiligawiwa kwa mgawo baada ya vita. Utaambiwa kuwa Land Rover isiyovuja oili haina oili. Cheka. Utaambiwa tena wakati wa chakula. Cheka tena.

Sasa tufike penye hatari yenyewe, nayo ni hadithi. Gari la zamani likikwama barabarani utalisukuma ukamaliza, lakini hadithi za mashindano ya magari ya Safari hazina mwisho. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kila mzee mwenye gari alikuwepo mahali fulani kando ya barabara. Ukikusanya wote wanaodai walimsukuma Joginder Singh kwenye tope mwaka 1965, ile Volvo PV544 yake wangeweza kuibeba mabegani mpaka Nairobi. Huruhusiwi kuhesabu miaka na kugundua kwamba msimuliaji alikuwa na umri wa miaka mitatu.

Muhimu kuliko yote ni kujua uko mji gani. Nairobi, bingwa ni Joginder, aliyeshinda na ndugu yake Jaswant ile 1965, kisha akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Ukiwa Dar es Salaam usianze na huyo. Anza na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar, aliyetwaa Safari mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Pijo 404, akiwa na Chris Rothwell. Na ukikaa na mtu wa Kampala, kumbuka Shekhar Mehta alizaliwa Uganda kabla Kenya haijamfanya wake, naye ana ushindi wa mara tano: mmoja 1973 kwa Datsun 240Z, kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kosea hapa na utaelimishwa hadi saa sita usiku.

Kuna mwaka mmoja ambao lazima uujue hata kama hujui mwingine wowote: 1963. Yaliondoka magari 84, mvua ikanyesha, yakarudi saba. Pijo 404 ya Nowicki na Cliff ndiyo iliyokuwa mbele. Mwaka 1968 mvua ikarudia kazi yake, wakamaliza saba tu, na walioshinda ni wale wale wawili kwa 404. Ukipata mwanya, sema neno moja, "Na 1968 je?", halafu ule chakula chako kwa amani. Hutahitajika tena kwa muda mrefu. Pakitokea mpenzi wa Porsche, wenzake watamkumbusha kwamba Porsche haikuwahi kushinda Safari ile ya zamani hata mara moja. Yeye atajibu kwamba kwenye Safari ya magari ya kale, iliyoanza 2003, 911 imeshatwaa. Usiamue kesi hiyo. Wameizoea bila wewe.

Ukialikwa Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, shindano la usafi na uzuri wa magari lililoanza mwaka 1970, vaa vizuri ila usivae mkanda wenye kichwa kikubwa cha chuma. Utakwaruza rangi, na utakumbukwa kwa jina. Utamwona mtu mzima, pengine wakili au daktari, amechuchumaa na mswaki akisugua mifereji ya tairi, kwa sababu majaji huchungulia mpaka uvunguni. Usiegemee chochote. Usiweke soda juu ya boneti. Mtoto wako mfunge mkono kwa wako.

Na siku utakayosafiri, iwe Ulaya, iwe Dubai, siri hiyo ifie kwako. Ikivuja utapigiwa simu na mtu ambaye hata mazishini hakukutambua: "Mwanangu, nasikia unakwenda. Kuna kitu kidogo tu." Kitu chenyewe ni kabureta ya Solex, au kifaa cha breki kilichofungwa ndani ya soksi, nawe ndiye utakayemweleza afisa wa forodha hicho ni nini. Hutajua. Mueleze ukweli: ni cha mzee. Maofisa wengi wana mzee wao pia.

Pengine umeshachelewa. Umeshalisifia, na keshokutwa alfajiri unachukuliwa kwenda kulijaribu gari barabara ya Bagamoyo. Vaa nguo usizozijali na viatu vya kusukumia. Chukua tochi yako mwenyewe, maana ya mzee haina betri. Beba maji ya kutosha, sehemu kubwa itakwenda kwenye rejeta. Kama ni Volkswagen, kunywa yote, haina rejeta.