Steling Hafi

Jumatatu

Mama mkwe ameingia kutoka Pangani na basi la asubuhi. Mguu unamsumbua, na ameambiwa akae wiki nzima hapa Tanga, karibu na hospitali, asiuchoshe. Nimempangia kiti sebuleni, kigoda cha kuwekea mguu, na muvi. Anampenda marehemu Mzee Majuto kuliko mchekeshaji mwingine yeyote, kwa hiyo mchana niliacha cherehani nikaenda Ngamiani kwa kijana anayejaza muvi kwenye flash, nikamwomba anitilie za Majuto tupu.

Usiku tumechomeka flash. Faili la kwanza limeandikwa "Majuto 1". Likafunguka makaburi, gari linakuja taratibu, picha haina rangi.

"Mwanangu, televisheni imepoteza rangi?"

Haikuwa televisheni. Ilikuwa Night of the Living Dead, muvi ya kutisha ya mwaka 1968. Nilitaka kuitoa, mama akanizuia mkono. Anataka kujua yule mzee anayetembea kama mlevi makaburini anamtafuta nani.

Uniti za Luku zimeisha dakika chache baadaye. Nimenunua kwa simu, nikaja kubonyeza zile tarakimu 20 kwa mwanga wa simu hiyohiyo, ambayo ndiyo yenye tarakimu. Kila nikimulika mita sizioni namba, nikisoma namba siioni mita. Mara ya nne ndiyo imekubali. Mama alikuwa bado amekaa gizani palepale, macho kwenye kioo, anasubiri.

Jumanne

Tumeimaliza. Maharage yameungua.

Nimemweleza mama wakati tunakwangua sufuria: George Romero na wenzake waliitengeneza karibu na mji wa Pittsburgh kwa dola kama 114,000, fedha ambayo kwa muvi ya Marekani ni ndogo sana hata kwa miaka ile. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe, chokoleti ilitosha. Na kwa kuwa walipobadilisha jina la muvi tangazo la hakimiliki liliachwa, muvi ikawa mali ya kila mtu tangu siku ya kwanza. Pengine ndiyo maana imeweza kusafiri mpaka kwenye flash ya Ngamiani ikiwa na jina la Majuto.

Mama hakuwa anasikiliza habari ya chokoleti. Alikuwa amekasirika.

"Yule kijana amekufaje? Steling hafi!"

Anamsema Ben, mwanamume mweusi aliyeigizwa na Duane Jones. Usiku kucha Ben ndiye anayepigilia mbao madirishani, ndiye mwenye akili ndani ya nyumba ile. Maiti hawamuwezi. Asubuhi wanakuja watu wazima wenye bunduki, wanamwona dirishani, wanampiga risasi ya kichwa kwa kudhani naye ni maiti. Halafu wanamburuta kwenda kuchomwa na wengine. Mwaka ule ule, mwezi wa Aprili, Martin Luther King aliuawa kwa risasi kule Memphis. Muvi ilikuwa imeshapigwa kabla ya hapo, lakini sidhani kama kuna mtu aliyeitazama mwaka ule bila kumkumbuka.

Kwangu hii ndiyo muvi ya kutisha iliyo bora kuliko zote nilizoziona, na ninasema hivyo nikijua kwamba mapambo ya maiti wake ni unga na rangi. Kinachotisha si maiti. Ni kwamba tulimtegemea Ben, na kumtegemea hakukumsaidia.

Mama amekula wali mtupu, akalala mapema.

Jumatano

Mvua tangu magharibi. Juu ya mabati yetu mvua ikishika, hata anayeongea karibu na sikio lako humsikii. Nilikuwa nimeweka Columbo, mfululizo wa upelelezi wa zamani, nikitafsiri sentensi kwa sentensi kwa sababu mama hajui Kiingereza. Dakika ya kumi sauti ikazama yote.

Hapa ndipo nimeuona uzuri wa Columbo kuliko miaka yote niliyomtazama. Karibu kila kisa unaonyeshwa muuaji mwanzoni kabisa, anaua mbele yako. Hakuna cha kubahatisha. Unabaki kumtazama Peter Falk kwenye koti lake lililokunjamana, anaaga, anafika mlangoni, anageuka. Muuaji anatabasamu bado, lakini mabega yameshaanza kukaza. Hayo yote yanaonekana bila neno hata moja. Visa vya upelelezi vya siku hizi vingekufa kwenye mvua ile, kwa sababu kila kitu wanakieleza kwa mdomo: ripoti ya maabara, simu ya bosi, maelezo ya dakika tano ukutani penye picha na nyuzi nyekundu.

Mimi nilinyamaza, mama akaendelea kutafsiri. "Anamwambia, baba, mimi mtu mdogo, nisaidie tu hili jambo moja niende nyumbani." Nimemsikia kwa sababu alikuwa anapiga kelele kuishinda mvua. Nimemkumbuka Lufufu wa Dar es Salaam, jinsi alivyozitia muvi za watu maneno ya Kiswahili mpaka zikawa zetu. Sidhani kama mama alikosea sana.

Alhamisi

Nimeshona mkono wa kushoto kulia kwenye gauni la mteja. Nimefumua. Usiku umeme haukuwepo.

Ijumaa

Kijana wa flash ameomba radhi na kunitilia Majuto wa kweli. Lakini faili lina kasoro: picha inatangulia, sauti inafuata nyuma kama sekunde mbili. Nilitaka kulia. Mzee tumemzika hapahapa Tanga, Agosti 2018, na mimi nimeshindwa hata kumpata sawasawa kwa siku moja ya mgonjwa.

Mama amecheka mwanzo mpaka mwisho. Nimemwangalia yeye kuliko televisheni, nikagundua kwamba kila mara kicheko chake kinafika kabla ya maneno. Majuto anainua kope, anavuta mdomo, anamtazama mwenzake kama mtu aliyedaiwa kodi, na mama yuko hoi tayari. Baada ya sekunde mbili ndipo utani wenyewe unafika, naye anacheka tena. Sauti iliyochelewa imempa vicheko viwili kwa kimoja.

Kuna wachekeshaji wengi wanaoandikiwa maneno mazuri. Ukiwanyamazisha, umewamaliza.

Jumamosi

Leo nimechagua mimi. One Cut of the Dead, ya Japani, mwaka 2017. Shinichiro Ueda aliipiga kwa yeni milioni 3 na waigizaji ambao majina yao hayakujulikana. Inaanza na dakika 37 zisizokatwa hata mara moja: watu wanatengeneza muvi ya mazombi, mara mazombi wa kweli wanawavamia. Ni mbaya kwa kweli. Waigizaji wanasimama bila cha kusema, kamera inalala chini, mtu anatoka nje bila sababu.

"Hawa wameharibu," mama akasema. "Zima, mwanangu."

"Mama, nakuomba. Nusu saa tu."

Umeme ukakatika. Mama akasema Mungu naye amechoka nayo.

Umerudi saa nne usiku. Nimemwamsha. Sasa ikaja sehemu inayoonyesha siku ile ile kutoka nyuma ya kamera, na kila kosa likapata sababu yake: huyu amelewa, yule tumbo linamkata, matangazo yanakwenda moja kwa moja na hakuna ruhusa ya kusimama. Mashine ya kuinulia kamera juu imevunjika, kwa hiyo wote wanapandana mabegani, wanatetemeka, mpaka picha inapatikana.

Mama ameshika goti langu muda wote wa kile kipande. "Wasianguke," alikuwa anasema. "Wasianguke, wasianguke." Ilipokwisha ameniomba nirudishe mwanzo. Tumelala saa nane.

Jumapili

Nimempeleka stendi. Mguu una nafuu. Ameomba flash akawaonyeshe wenzake Pangani, nimemtilia mkobani mwenyewe.

Jioni amepiga simu. Nimempa flash siyo: ile niliyompa ina video ya harusi ya mteja wangu, aliyoniletea nione mshono. Wameitazama yote, muda wa saa tatu, nyumba imejaa majirani.

"Pale mpiga picha alipojikwaa kwenye zulia," alisema, "ikaonekana dari na feni inazunguka, hawakukata. Wameacha hivyo hivyo. Tumerudia mara tatu."

Nimemuuliza bwana harusi je.

"Mzima," akasema.